Funga Daftari Kwanza: Mwongozo wa Kujisomea kwa Mwanafunzi wa Sekondari

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, mazungumzo ya wazazi huangukia kwenye maneno mawili: akili na uvivu. Aliyefaulu ana akili, aliyeanguka ni mvivu, na mjadala unaishia hapo. Nimefundisha Historia katika shule za sekondari za kutwa kwa muda wa kutosha kujua kwamba maneno hayo hayaelezi sehemu kubwa ya yale yanayotokea. Wapo wanafunzi wanaokesha na bado wanaambulia D, na wapo wanaosoma saa moja na nusu kwa siku, wakalala mapema, wakapata B. Mara nyingi tofauti yao iko katika kile wanachokifanya daftari likiwa mbele yao. Mwongozo huu unahusu jambo hilo, na nimeuandika hasa kwa mwanafunzi wa shule ya kata nchini Tanzania, yule anayerudi nyumbani saa 10 jioni akakuta ndoo za maji zinamsubiri, ingawa hata mwanafunzi wa bweni mwenye ratiba ya prepu ataona mahali pa kuanzia.

"Ninayajua, ila hayatoki"

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata ofisini baada ya jaribio akiwa na daftari lake mkononi. Mada ilikuwa Vita vya Majimaji. Kurasa zilikuwa zimepigiwa mistari kwa rangi tatu, na pembe zake zilikuwa zimelegea kwa kufunuliwa. "Mwalimu, nimesoma mara nne," aliniambia, nami sikuwa na sababu ya kutomwamini. Nilimwomba alifunge, nikampa karatasi iliyotumika upande mmoja, nikamwambia aandike upande wa pili kila anachokikumbuka kuhusu sababu za vita hivyo. Baada ya dakika 10 karatasi ilikuwa na mambo manne: 1905 hadi 1907, Kinjekitile, maji, pamba. Aliinua uso akasema maneno ambayo tangu hapo nimeyasikia kwa wengi: "Ninayajua yote, Mwalimu, ila hayatoki."

Alikuwa mkweli. Kila aliposoma ukurasa ule kwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, aliutambua, na kuutambua kulimpa hisia ya kuujua. Lakini mtihani haumwonyeshi mtahiniwa ukurasa ili aseme kama aliwahi kuuona. Humpa karatasi tupu akatakiwa atoe mwenyewe kilichomo kichwani, tena kwa mpangilio, na kazi hiyo ya kutoa hakuwahi kuifanya hata mara moja katika zile mara nne.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: baadhi ya wanafunzi walisoma kifungu cha habari mara mbili, wengine walikisoma mara moja kisha wakaandika walichokikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na wale waliojilazimisha kukumbuka walifikia asilimia 56. Naomba msomaji aziangalie vizuri namba za mwanzo, kwa sababu ndizo zinazowapotosha wanafunzi. Usiku ule ule, kurudia kusoma kunaonekana kuwa njia bora. Hasara yake huonekana baadaye, na mitihani yetu huwa baadaye.

Kipindi kimoja cha kujisomea, dakika kwa dakika

Tumia dakika 40, sawa na kipindi cha darasani, kwa somo moja na sehemu moja ya mada. Ukurasa mmoja na nusu wa daftari unatosha. Anayejipangia mada nzima kwa usiku mmoja atamaliza kurasa na kubaki na vichwa vya habari.

Dakika 5 za kwanza daftari libaki limefungwa. Andika kwenye karatasi chakavu unachokikumbuka kutoka darasani siku hiyo, hata kama ni maneno matatu. Utaona umekwama wapi, na utakapofungua utasoma ukitafuta kitu, badala ya kupitisha macho.

Dakika 15 zinazofuata, soma. Kila aya iulizwe swali la "kwa nini". Mwanafunzi wangu wa Majimaji alikuwa ameandika neno "pamba" na kuliacha hapo. Kwa nini pamba iwapandishe watu hasira hadi wachukue silaha? Kwa sababu walilazimishwa na wakoloni wa Kijerumani kuilima katika mashamba ya kijumuiya, muda wa kulima chakula chao ukapotea, malipo yakawa kidogo mno, na wasimamizi wakatumia viboko. Hapo hapo kodi nayo inapata nafasi yake, kwa kuwa asiye na muda wa kulima chake hana cha kuuza ili ailipe. Kisha maji ya mganga Kinjekitile Ngwale, yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, yanaeleweka: watu wa makabila tofauti waliokuwa na manung'uniko yanayofanana walipata imani moja ya kuwaunganisha. Mambo manne yaliyokuwa yametawanyika yamekuwa simulizi moja, na simulizi husahaulika kwa taabu kuliko orodha.

Dakika 10, funga daftari na uandike. Nasema funga, kisha liweke chini ya kiti au chumba kingine, kwa sababu daftari lililofungwa juu ya meza hufunguka lenyewe pale unapokwama. Usikimbilie kutazama. Kule kukwama na kutafuta ndiko kunakoifanya kumbukumbu ikomae. Anayechungulia baada ya sekunde 10 amejinyima sehemu yenye faida kuliko zote.

Dakika 5, fungua na ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Ongeza kilichosahauliwa, futa kilichokosewa. Dakika 5 za mwisho, geuza kila kilichoandikwa kwa wekundu kuwa swali kwenye kadi, na jibu lake nyuma. Kadi hazihitaji kununuliwa: jalada la daftari lililokwisha, likikatwa vipande vinane, linatosha wiki nzima.

Niseme wazi kwamba njia hii haifurahishi. Wiki ya kwanza mwanafunzi huona kana kwamba amekuwa mjinga kuliko alivyokuwa, maana zamani alimaliza kurasa sita akilala ameridhika, na sasa anamaliza ukurasa mmoja na nusu uliojaa wekundu. Wengi huiacha hapo. Ninawaomba wasiiache kabla ya wiki mbili.

Kurudia kabla ya kusahau kabisa

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua. Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba marudio ya kwanza yasicheleweshwe. Somo la Jumatatu lirudiwe Jumanne, kisha Ijumaa, kisha wiki inayofuata, kisha baada ya wiki tatu hivi. Kila marudio yanaweza kuwa ya dakika 5 tu, na yawe ya kujiuliza, yaani kadi mkononi na jibu likiwa limefichwa.

Utaratibu wa kadi uliosambazwa na mwandishi Sebastian Leitner katika miaka ya 1970 unafaa sana kwa nyumba zetu kwa kuwa hauhitaji umeme wala simu. Tafuta bahasha tatu. Kadi mpya zote zinaanzia bahasha ya kwanza, ambayo hupitiwa kila siku. Kadi uliyoijibu sawasawa inahamia ya pili, inayopitiwa kila baada ya siku 3. Ukiipata tena inahamia ya tatu, ya kila Jumamosi. Kadi uliyoikosa, hata kama ilikuwa imefika bahasha ya tatu, inarudi ya kwanza. Kwa njia hiyo muda mwingi unaenda kwa usichokijua. Mwanafunzi aliyeachwa ajichagulie hupenda kurudia anachokijua, kwa sababu kinampa moyo.

Kuhusu ratiba, zile jedwali zenye masomo saba kila usiku, zilizochorwa kwa rula na kubandikwa ukutani mwezi Januari, sijaona hata moja iliyofika Machi. Masomo mawili kwa usiku, vipindi viwili vya dakika 40 na mapumziko ya dakika 10 katikati, yanawezekana hata kwa mtoto mwenye kazi za nyumbani. Kwa siku tano hivyo ni vipindi 10 kwa wiki. Anayeanza Kidato cha Tatu kwa mwendo huo atafika Kidato cha Nne akiwa na kazi ya kudurusu tu, wakati wenzake wanaanza kusoma kwa mara ya kwanza.

Hisabati na sayansi

Hapa kosa kubwa ni kusoma mifano iliyokwisha kutatuliwa. Mwanafunzi hufuata hatua za mwalimu moja baada ya nyingine, kila hatua inakubalika, anatikisa kichwa na kufunua ukurasa. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Funika jibu kwa karatasi, acha swali peke yake, ulitatue mpaka mwisho au mpaka ukwame, kisha ufunue mstari mmoja tu, ule uliokukwamisha, na ufunike tena.

Jambo la pili ni kuchanganya mada. Ukifanya maswali 20 yaliyo chini ya kichwa cha kanuni ya Pythagoras, huna haja ya kufikiri utumie kanuni gani, kwa kuwa kichwa kimeshakuambia. Karatasi ya mtihani haina vichwa hivyo. Kwa hiyo, baada ya kulielewa zoezi la mada mpya, chukua maswali mawili ya mada hiyo, mawili ya mwezi uliopita na mawili ya mwaka jana, yachanganye, kisha kabla ya kukokotoa andika pembeni: "Swali hili linataka nini, na kwa nini?" Wanaoanguka Hisabati wakiwa wanajua kukokotoa, na ni wengi kuliko tunavyokiri, mara nyingi huangukia hapo pa kuchagua.

Kizingiti cha lugha

Mwanafunzi wa shule ya serikali amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo karibu yote yako kwa Kiingereza, isipokuwa machache kama Kiswahili chenyewe. Hakuna tabia ya kujisomea inayoweza kujifanya kwamba jambo hili halipo. Wengi hulikabili kwa kukariri: wanameza sentensi nzima za ubaoni bila kujua zinasema nini, na swali likibadilishwa neno moja wamekwisha.

Ninashauri hatua mbili. Kwanza jieleze mada kwa Kiswahili, kwa sauti, kana kwamba unamfundisha mdogo wako. Ukishindwa kuieleza kwa lugha unayoota nayo, basi hujaielewa, na Kiingereza hakina lawama. Ukishaweza, andika maelezo yale yale kwa Kiingereza chako mwenyewe, kwa sentensi fupi, ukichukua kutoka kwenye daftari istilahi tu. Sentensi fupi iliyo sahihi inapata alama. Ndefu iliyokaririwa nusu huvunjika katikati.

Tenga pia kurasa mbili za mwisho za kila daftari kwa maneno ya amri ya mtihani. Swali linaloanza na neno "state" linataka utaje, mstari mmoja kwa kila hoja. Linaloanza na "explain" linataka utaje kisha useme kwa nini au kwa namna gani. Nimesahihisha majibu mengi yenye hoja zote sahihi yaliyopata nusu ya alama kwa sababu mwandishi alitaja pale alipotakiwa kueleza.

Mitihani iliyopita, na hesabu ndogo ya madaraja

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, huweka kwenye tovuti yake matokeo, fomati za mitihani, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo za mwisho ni hazina ambayo wanafunzi wachache huigusa: zinaonyesha swali kwa swali walipokosea watahiniwa na kwa nini, tena zikiambatana na nakala za majibu mazuri na mabaya. Kama huna simu, mwombe mwalimu wa taaluma azichapishe za masomo mawili au matatu zikae maktaba.

Karatasi ya mtihani uliopita isitumike kama kitabu cha kusoma maswali na majibu. Keti nayo Jumamosi asubuhi kwa saa 3 kamili, bila daftari, kisha ujisahihishe kwa ukali. Ukikosa saa 3 mfululizo, fanya sehemu moja kwa saa 1. Usianze nayo mwezi wa Oktoba, kwa sababu mtihani ni Novemba na utakuwa umebakiwa na muda wa kuogopa tu.

Baada ya kusahihisha, fanya hesabu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na daraja hutokana na jumla ya masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Mwanafunzi mwenye C mbili na D tano ana pointi 26, yaani daraja la nne. Somo moja tu likipanda kutoka 43 hadi 45, anakuwa na 25, naye yuko daraja la tatu. Kwa hiyo, kabla ya kugawa vipindi 10 vya wiki, orodhesha masomo yako pamoja na alama za jaribio la karibuni, uone lipi liko ukingoni. Somo lenye 42 lina haki ya kupewa vipindi viwili zaidi kuliko lenye 55, hata kama lile la 55 ndilo unalolipenda.

Makundi, simu na usingizi

Kikundi cha majadiliano kina faida kikiwa na watu watatu au wanne na kila mmoja akija akiwa ameshasoma. Utaratibu wake uwe huu: mmoja anasimama ubaoni bila daftari, anaeleza, wengine wanamkatiza kwa maswali. Kikundi ambacho mmoja anasoma kwa sauti na saba wanaandika ni kipindi cha imla.

Simu iwe chumba kingine. Sina mengi ya kuongeza hapo, kwani kila anayesoma maneno haya kwenye simu anajua ninachokisema.

Usingizi unahitaji maneno zaidi, kwa sababu kukesha kumegeuzwa kuwa sifa. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Najua kwamba mtoto anayeamka saa 10 alfajiri ili atembee hadi shuleni hazifikii saa hizo, na sitamwambia mzazi jambo lisilowezekana. Ila kati ya kukesha usiku wa kuamkia mtihani na kulala saa 4 usiku, hakuna cha kupima. Ubongo huendelea kuyapanga mliyosoma wakati mmelala, na anayekesha anayabeba yakiwa bado fujo hadi chumba cha mtihani, pamoja na macho mekundu.

Kwa mzazi nina ombi moja tu kubwa, na halihusu fedha za twisheni. Mpe mtoto saa moja na nusu isiyokatizwa, yenye mwanga, na iwe saa ile ile kila siku. Kama maji ni lazima yachotwe, yachotwe kabla ya saa hiyo. Na kama kuna taa moja ya sola, ikae mezani kwake kuanzia saa 1 hadi saa 2 na nusu usiku, wengine tupige soga barazani. Binti asiitwe jikoni kila baada ya dakika 10 huku kaka yake akiachwa asome. Hata asiyejua kusoma Kiingereza anaweza kushika kadi, akamwonyesha mtoto upande wa swali na kusubiri. Akisita, na macho yake yakaanza kulitafuta daftari, mzazi ameshajua kadi ile irudi bahasha ya kwanza.

Baada ya wiki mbili

Hifadhi karatasi zote ulizoandika daftari likiwa limefungwa, ziandike tarehe. Siku ya 14 zitandaze sakafuni kwa mfuatano uone wekundu unaongezeka au unapungua. Ukipungua katika somo moja na kubaki pale pale katika jingine, mara nyingi utakuta lile lililobaki ndilo unaloliweka mwisho, ukiwa umechoka. Lihamishie kipindi cha kwanza. Usipopungua popote, angalia mambo mawili kabla ya kuilaumu akili yako: kama kweli daftari lilikuwa chini ya kiti, na kama zile kadi za Jumanne zilirudiwa Jumanne au zilisubiri Jumapili.